Barua ya wazi kwa viongozi wa Lushoto: ziandikeni njia zetu za miguu kabla hazijamezwa na viwanja

Waheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi, Madiwani, wahifadhi wa misitu, na ninyi wenyeviti na watendaji wa vijiji vyetu,

Shikamooni mlionizidi umri, na wengine wote habari za kazi.

Nawaandikia kuomba jambo moja. Njia za miguu zinazounganisha mji wetu na msitu wa Magamba, na Irente, na vijiji vya bondeni na vya mgongoni, zitambuliwe rasmi, zichorwe kwenye ramani za mji na za vijiji, na zilindwe kisheria kama barabara zinavyolindwa. Mengine nitakayoyataja humu yanaegemea hilo. Njia zikipotea, msitu utabaki pale juu tukiutazama kwa macho tu, na sisi tutabaki huku chini tukisikia wageni wakisimulia uzuri wake.

Mimi ni mwalimu, mkazi wa hapa. Wilaya yetu ina mlundikano wa watu na mashamba ni vipande vidogo vidogo, kwa hiyo najua kumwomba mtu aache hata upana wa hatua mbili kwa ajili ya wapita njia si ombi jepesi. Ndiyo maana naliandika hadharani, lijadiliwe na wote.

Mtu akiulizwa Lushoto ina nini, atataja kabichi, karoti, plamsi na baridi. Akiwa mgeni aliyesoma kidogo ataongeza kwamba Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, wakaupenda kwa hali yake ya hewa. Sisi tunaoishi hapa mwaka mzima tuna utajiri mwingine ambao hatuuhesabu kwa sababu umetuzunguka tangu tuzaliwe. Ukitoka sokoni saa kumi jioni, kabla magharibi haijaingia unaweza kuwa umesimama kwenye ukingo wa Irente, chini yako karibu mita 1,000 kuna mashamba ya katani ya Mazinde na barabara kuu ya Mombo, na mbele yako tambarare inakwenda mpaka macho yanachoka. Ukienda upande mwingine unaingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, zaidi ya hekta 9,000 za msitu wa milimani, sehemu zake zikipanda juu ya mita 2,000. Miji mingapi midogo ya nchi hii ina vitu viwili vya namna hiyo, na vyote vinafikiwa kwa miguu, bila nauli?

Nikiwapeleka wanafunzi Magamba huwa nasimama nao pale shamba linapokomea na msitu unapoanza. Nyuma yetu jua linachoma mabega. Tukipiga hatua chache mbele hewa inabadilika, inakuwa nzito na ya baridi, ardhi inakuwa laini, kelele za bodaboda zinakatika. Hapo watoto wenyewe hunyamaza, hakuna anayewaambia. Halafu mmoja anaona mbega, ile nywele nyeupe ndefu ya mabegani ikirukaruka kati ya matawi, na ukimya unaishia hapo. Nawaonyesha mkulo, mti ambao mbao zake zilitafutwa sana enzi za uchanaji mpaka ile mikubwa ikawa adimu. Nawaonyesha maji yanavyochuruzika chini ya mizizi wakati wa kiangazi, mwezi ambao hakuna tone la mvua lililoanguka. Mtoto aliyeona jambo hilo kwa macho yake hakuna haja ya kumpigia kelele kuhusu vyanzo vya maji. Anajua kwamba bomba la nyumbani kwao linaanzia mahali, na mahali penyewe amepakanyaga. Ndipo ninapomweleza kwamba maji ya milima hii hayaishii kwetu: Mto Umba unazaliwa katika misitu ya Usambara na kuingia baharini karibu na Vanga, upande wa Kenya, na yale yanayoteremka Soni kuelekea Mombo yanakwenda kuungana na maji ya Mto Pangani.

Huko ndiko pia kwenye ukoo wa yale maua madogo ya zambarau ambayo Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, aliyachukua kutoka Usambara mwaka 1892 na kuyapeleka kwao. Mwaka uliofuata yakapewa jina la kisayansi linalotokana na jina lake. Leo yanapandwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na watoto wengi wa Lushoto hawajayaona yakiwa yameota yenyewe kwenye mwamba wenye unyevu. Hilo linanisikitisha kuliko ninavyoweza kulieleza.

Lakini msiione barua hii kuwa ya kuombea matembezi ya shule tu. Njia za miguu zinafanya kazi nyingine kubwa, na haina fungu lolote kwenye bajeti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na mtoto dakika 60 kila siku. Jirani yangu mmoja ana presha. Alipokwenda kutibiwa aliambiwa apunguze chumvi na awe anatembea. Atembee wapi? Kando ya lami ya kwenda Soni, ambako fuso za mboga na mabasi madogo yanakata kona kwa kasi na hakuna hata sehemu ya kusogea? Yeye na wenzake walichagua njia ya zamani ya kuelekea Irente. Wanaondoka baada ya swala ya alasiri, wanakwenda polepole, wanakaa kwenye jiwe, wanarudi. Hawajiiti kikundi na hawana mwenyekiti wala katiba. Siku mmoja asipoonekana, wengine wanapita kwake kumjulia hali. Sijui dawa gani nyingine inatolewa bure na inakuja na marafiki.

Kuna na hili la salamu. Njia ni nyembamba, kwa hiyo mkikutana lazima mmoja ampishe mwenzake, na Msambaa hampishi mtu kimya. Atamuuliza ya nyumbani, ya watoto, ya shamba, ya mgonjwa, ndipo waachane. Nimeshuhudia watu waliokuwa hawasemeshani kwa sababu ya mpaka wa shamba wakilazimika kusalimiana kwenye kijia kwa kuwa hakuna pa kukwepea. Barabarani kila mtu yuko juu ya pikipiki, ananyanyua mkono na kupotea. Kijiji kinachokosa mahali pa watu kukutana bila kupanga kinaanza kuwa na watu wanaojuana majina tu.

Njia hizi zimeitangulia serikali ya kikoloni. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipopanda milima hii mwaka 1848 kuonana na Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, hakukuta pori lisilo na mapito. Alikuta nchi ya watu waliokuwa wakitembea kati ya Vugha, makao ya mfalme, na vijiji vyao, kati ya milima na masoko ya nyikani. Sehemu ya mapito tunayokanyaga leo ina umri ambao hakuna hati yoyote ya ardhi wilayani inayoufikia. Ila kwa kuwa hayakuandikwa popote, mbele ya ramani ya mpimaji hayapo.

Hapo ndipo penye shida yangu, na nitaieleza kwa mfano mmoja ninaoujua vizuri. Kulikuwa na njia ambayo wanafunzi wetu waliipita kutoka kwenye mtaa mmoja wa juu kuja shuleni. Ilipita kwenye ukingo wa shamba, ikashuka kwenye kijito chenye magogo mawili ya kuvukia, ikatokea nyuma ya darasa la chekechea. Mzee mwenye shamba alifariki, watoto wake wakaligawa na kuuza kiwanja. Aliyenunua ni mtu mwema. Alionyeshwa bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja, akalipa fedha yake, akazungushia senyenge kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Njia ilikuwa ndani ya bikoni zake na hakuna aliyemwambia. Tulipokwenda kumwona alitusikiliza, akatutolea karatasi zake, na kweli karatasini hapakuwa na njia. Sasa watoto wale wanazunguka kwa barabara ya lami, wadogo kabisa wakiwa wameshikana mikono na wakubwa, na mvua ikinyesha wanafika wamerushiwa matope na magari. Kutwa nzima unamfundisha mtoto aliyelowa.

Simlaumu aliyenunua, wala watoto wa marehemu. Kosa liko kwenye utaratibu unaoona nyumba, shamba na barabara ya gari, lakini hauoni mahali watu wanapopita kwa miguu. Na upimaji wa viwanja unaendelea, urasimishaji unaendelea, kila mwaka bikoni mpya zinachimbiwa. Jambo hili ni jema, nami naliunga mkono, kwa kuwa hati inampa mtu usalama. Ila kila kiwanja kinachopimwa bila kuuliza njia iko wapi kinaweza kuwa kimefunga mlango wa kitongoji kizima, na kuufungua baadaye ni kesi, fidia na uadui.

Sheria tunazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inagawa ardhi ya kijiji katika mafungu, na fungu mojawapo ni ardhi ya matumizi ya pamoja. Kwa nini njia isiingizwe humo, ikapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ikaandikwa kwenye daftari? Mjini tuna Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na kila mchoro wa mipango miji unaweza kuonyesha njia ya waenda kwa miguu ikiwa anayeuchora ataambiwa aionyeshe. Hakuna haja ya kwenda Dodoma kuomba sheria mpya. Waingereza, ambao walitutawala na kutuachia mengi ya ramani hizi, kwao walilimaliza jambo hili zamani: sheria yao ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri zichore ramani rasmi ya njia za miguu, na njia ikishakuwa kwenye ramani ile mwenye shamba anaruhusiwa kulima kushoto na kulia kwake, lakini haruhusiwi kuiziba. Mashamba yao hayakufa. Kondoo wanachungwa, watu wanapita.

Nije kwenye msitu wenyewe, na hapa nazungumza na wahifadhi kwa heshima, kwa sababu najua kazi yenu ni ngumu. Kuna moto, kuna misumeno ya usiku, kuna watu wanaotafuta madini kwenye mito. Mnapomwona mtu msituni bila kibali mnakuwa na sababu ya kumtilia shaka. Hata hivyo nawaomba mfikirie upande wa pili. Mkazi anayekwenda msituni kutembea na watoto wake anakuwa jicho lenu bila kulipwa. Atasikia msumeno, ataona kisiki kibichi, atapiga simu. Asiyeruhusiwa kuingia, au anayeona kiingilio na kibali ni mambo ya watalii, ataendelea kuuita msitu ule "wa serikali", na cha serikali kikiungua hakuna anayekimbia na ndoo.

Historia ya milima hii inatufundisha jambo hilo wazi. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wa kuhifadhi udongo kule Mlalo na kwingineko. Matuta yenyewe hayakuwa wazo baya, kwani udongo ulikuwa unakwenda na maji kweli. Lakini watu walilazimishwa, hawakushirikishwa, na wakayakataa kwa nguvu mpaka mpango ukaanguka. Ilichukua miongo mingine, na miradi iliyokuja kukaa na wakulima kama ule wa SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kupanda miti mashambani ulioanza mwaka 1981, mpaka majani ya Guatemala ya kushika udongo na miti ya shambani vikaanza kuonekana kuwa mali ya mkulima mwenyewe. Sheria ya Misitu ya 2002 nayo imetoa nafasi ya mikataba ya usimamizi wa pamoja kati ya hifadhi na vijiji vinavyoizunguka. Nawaombeni mikataba hiyo itaje na njia: ipi iko wazi kwa wakazi, saa ngapi, nani anaifyeka, nani anaitengenezea mifereji. Wanafunzi wa shule za jirani waingie bila malipo wakiwa na mwalimu. Mkazi wa kijiji kinachopakana na msitu awe na kitambulisho cha mwaka kwa bei anayoimudu mkulima wa karoti.

Wako wanaosema kuufungua msitu ni kuuharibu. Nawaelewa, na kuna maeneo ambayo kweli yafungwe kabisa, hasa kwenye vyanzo na sehemu zenye mimea isiyopatikana kwingine. Ila tazameni Karura, Nairobi. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti kupinga ugawaji wa msitu ule kwa watu binafsi. Ulikuwa msitu wa kutisha, mahali pa kutupa maiti na kuvizia watu. Kilichoubadilisha ni uzio pamoja na njia zilizochongwa vizuri, zenye alama, na chama cha wakazi kinachoshirikiana na wenye mamlaka ya misitu. Leo wanaoingia pale wanakimbia, wanaendesha baiskeli, wanasukuma watoto kwenye vigari. Msitu wenye watu wengi wema ndani yake haumpi mhalifu pa kujificha.

Sisi hatuhitaji hata robo ya gharama za Karura. Njia zetu zipo tayari. Zinahitaji kufyekwa mara mbili kwa mwaka, ngazi za mbao au mawe pale panapoteleza masika, mifereji ya kukinga maji yasiigeuze njia kuwa korongo, na magogo ya kuvukia vijito yabadilishwe yakioza. Vibao vichache vya kuelekeza, vya mbao, vilivyoandikwa Kiswahili kwanza. Kazi nyingi kati ya hizo ni za msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, na milima hii haijasahau msaragambo. Watu watatoka na majembe yao mkiwaita, lakini hawatatoka kutengeneza njia ambayo mwakani inaweza kuzungushiwa senyenge. Ndiyo maana narudi palepale: kwanza iandikwe, ndipo tuitengeneze.

Kuhusu kipato sitasema mengi, kwa kuwa kila mtu akiongea habari za msitu anakimbilia watalii. Vijana wetu wamekuwa wakiongoza wageni kwa miguu tangu utalii wa kitamaduni ulipoanza hapa miaka ya 1990, kutoka Lushoto mpaka Mtae, wakilala vijijini na kula vijijini. Bidhaa wanayouza ni njia. Ikizibwa, kijana anakosa kazi na mama aliyekuwa akimpikia mgeni anakosa mteja. Hilo linatosha.

Wakulima nao wana hofu yao, nayo nataka niitendee haki. Njia ikipita pembeni mwa shamba, plamsi zinachumwa na wapita njia, mbuzi wanaingia, na taka za plastiki zinaachwa. Yote ni kweli. Njia iliyotambuliwa, yenye upana unaojulikana na ua wa miti kando, inampa mkulima kinga kuliko hali ya sasa ambapo watu wakizibiwa hapa wanakata kule, mara katikati ya maharage. Sheria ndogo za kijiji zitaje faini ya anayeacha njia na kuingia shambani, na ya anayeziba njia, zote mbili kwa pamoja. Mwenye shamba ambalo njia imekula sehemu kubwa mno ahamishiwe njia pembeni kwa makubaliano. Tunaishi pamoja, tutaelewana, mradi mazungumzo yafanyike kabla ya bikoni.

Ombi langu la mwisho ni la kiutendaji. Mpango wa matumizi bora ya ardhi unapoandaliwa au kupitiwa upya katika kijiji chochote, na kila upimaji wa viwanja unapoanza, afisa ardhi atembee kwanza na wazee wawili, mama mmoja anayekata kuni na mwanafunzi mmoja, waonyeshe njia, azichukue kwa GPS kabla hajachimbia bikoni ya kwanza. Ni kazi ya siku chache kwa kijiji. Suala hili liingizwe kwenye kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, na ajenda itangazwe kwenye mbao za matangazo ili wananchi tuhudhurie.

Darasa langu limeshaanza upande wake. Wanafunzi walitumwa kuwauliza babu na bibi zao majina ya njia za kata yetu, zinaanzia wapi, zinaishia wapi, zinavuka kijito gani na ipi imezibwa. Nyingine zina majina ya watu waliokufa zamani, nyingine za miti ambayo haipo tena. Tumeziandika zote kwenye daftari moja kubwa, pamoja na michoro ya mkono. Daftari liko shuleni, nakala imeshatolewa, na yeyote mtakayemtuma nitamkabidhi siku hiyohiyo.

Wenu katika ujenzi wa Lushoto,

Mwalimu na mkazi wa Lushoto